Mwosha Haulizi Hali

Ndugu Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Ndugu Mwenyekiti wa tawi, wauguzi na wafanyakazi wenzangu, jirani zangu mliotoka Mkunazini kuja kuniaga, na wewe mwanangu Tabia uliyekaa karibu na mlango: Assalaam alaykum.

Hapa muungwana angeendelea: "Hamjambo? Wa nyumbani hawajambo? Wazee je?" Mie siulizi. Msinione sina adabu. Miaka ishirini na miwili nimeosha maiti wa kike katika hospitali hii, na mwosha akikuuliza kama mamako hajambo, unaitika "hajambo" huku unafunga mlango.

Ndugu Mganga Mkuu, umenisifu sana, umesema kazi yangu ni ibada, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nnashukuru, lakini wallahi nimechanganyikiwa. Wenzangu, mlishangilia kazi yangu au mlishangilia kuondoka kwangu? Maana tangu niingie humu makofi nimepata, mkono sijapewa hata mmoja.

Nikae vipi na watu, jamani? Mwaka ule baada ya Mapinduzi palikuwa na arusi kwa Bi Biasha. Nikaenda na kanga mpya, asumini kichwani. Nikashika hina nimpake bi arusi, Biasha akanirukia: "Hebu! Kwa mkono huo?" Nikaenda kukaa mlangoni, penye viatu. Haya. Mwaka haukwisha, mamake Biasha akafariki. Biasha huyo huyo akaushika mkono huu huu, akaubusu, akanambia: "Mwoshe taratibu, Mwanapili, mama hapendi maji baridi." Nikachemsha maji, nikayapooza, nikayapima kwa kiganja. Sasa mkono wangu ni wa kukimbiwa au ni wa kubusiwa? Biasha yupo hapa, anacheka. Na mie nacheka, ila jibu sijalipata mpaka leo.

Nikijikalia nyumbani, wanasema najivuna. Nikenda shughulini, naachiwa mkeka peke yangu. Watu husema mwosha huoshwa. Ni kweli, lakini kabla sijaoshwa, si nisalimiwe?

Nshazoea, na leo ningenyamaza. Lakini Shemsa anaumwa. Mnamjua, mamake Tabia. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumesukana nywele mpaka zikaota mvi. Mwezi wa tatu huu yumo kitandani. Nilimpikia uji, nikabisha hodi. Tabia akachungulia dirishani, aliponiona akapiga ukelele: "Mama hajafa! Nani kakwita?"

Simlaumu. Mtoto anamwogopea mamake. Niliuweka uji kizingitini nikarudi zangu, na tangu siku hiyo nikenda sokoni Darajani nazunguka uchochoro mwengine nisipite mlangoni kwao, kama mwizi.

Nnachokiogopa ni kimoja, na leo nakisema mbele yenu. Naogopa kuwa siku moja nitaitwa kwa Shemsa, nitamwona, naye asinione. Hilo silitaki! Nnataka anione. Anitukane kidogo kama kawaida yake, anambie uji wangu hauna sukari, na mie nimjibu.

Leo asubuhi nimemkabidhi Mwamvua funguo za chumba na aproni yangu. Kuanzia leo mwosha wenu ni yeye, mpeni mkono, masikini, bado mgeni. Mie sasa ni Mwanapili jirani tu, ingawa sijui jirani tu hukaa vipi. Nitajifunza.

Ndugu Mganga Mkuu, ahsante kwa redio hii, itanisemesha. Wenzangu, ahsanteni kwa miaka yote na kwa kunisikiliza maneno yangu marefu.

Ila kabla sijashuka, salamu yangu ya mwanzo sikuimaliza. Tabia, mwanangu, usinyanyuke, usiogope. Nakuuliza kama anavyouliza mtu yeyote.

Mama hajambo?