Bwana Kistari Aimaliza Kamusi

Baada ya miaka thelathini na nane katika kiwanda chetu cha uchapaji, Bwana Kistari anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini. Nimeombwa niandike mimi, bibi wa chumba cha kushona vitabu, kwa sababu ninyi wengine wote mlimkuta hapa. Mimi ndiye niliyempokea. Niliishia darasa la tatu. Atakayecheka maandishi yangu ajue kwamba vitabu alivyosomea huenda nilivishona mimi.

Kazi yake ni kukata maneno ya Kiingereza. Neno lisipoenea mwisho wa mstari, yeye ndiye husema likatwe wapi, kisha hutia kile kijistari kilichompa jina. Vijana huona ni mchezo. Waulize neno la tembo kwa Kiingereza lina vipande vingapi, utawaona wanatazama dari. Kistari huweka kiganja chini ya kidevu, hutamka, huhesabu taya limeshuka mara ngapi. Mara tatu, vipande vitatu, basi. Tena ana miiko yake: jina la mtu halikatwi, na herufi moja haiachwi peke yake mwisho wa mstari kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Mkewe analalamika kwamba hata orodha ya mahitaji ya nyumbani huirudisha imejaa vistari.

Ni mbishi, nisiseme uongo. Hula mkate juu ya karatasi za watu, hutafuta miwani ilhali ameivaa, na ukimsalimia akiwa katikati ya neno haitikii mpaka alimalize. Nimemgombeza miaka yote hiyo. Yeye hucheka tu na kuniita dada mkubwa.

Miaka sita iliyopita alianza kamusi ya Kiingereza ya shule, kila neno limegawanywa vipande. Kuisahihisha kunataka watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti na kugonga meza kila penye mkato, mwenzake anafuata kwa kalamu. Mwaka jana mwenzake alihama, na mkuu wetu hakuajiri mwingine. Alisema siku ya kustaafu ikifika kamusi haijaisha, kompyuta itakata maneno yaliyobaki. Kistari akamjibu kwamba kompyuta haina taya. Kisha akashuka ngazi mpaka mezani kwangu, akaniambia dada mkubwa weka sindano chini, njoo unisomee.

Ofisi nzima ilicheka. Bibi wa darasa la tatu asome kamusi? Kweli, neno zima la Kiingereza hunishinda, lakini vipande havinishindi. Naye alisema ndiyo sababu ya kunichagua: msomi humeza neno zima kwa mazoea, mimi siwezi kuruka hata kipande kimoja. Tumegonga meza miezi kumi na moja, mpaka mhasibu wa chumba cha pili akahamisha kiti chake.

Jumatatu ya wiki hii tulikuwa tumebakiza herufi tano za mwisho za alfabeti, na mkuu ameshapanga sherehe iwe leo saa nne asubuhi. Kistari alisema keki isubiri. Ndiyo maana mmealikwa saa tisa, na mwenye njaa aninunie mimi. Leo saa tano na robo niligonga kipande cha mwisho cha neno la mwisho. Akatia sahihi, karatasi zikashuka mtamboni. Naandika haya sakafu ikitetemeka chini ya miguu yangu: kamusi inachapwa, na hakuna hata neno moja lililokatwa na kompyuta.

Asante, mdogo wangu. Nenda ukapumzike na mkeo, mle vizuri, mlale vizuri, miaka yenu iwe mingi na ya raha. Kuhusu kamusi ya pili uliyotamani kuianza, usiwe na wasiwasi. Mimi ni kibarua, sina tarehe ya kustaafu. Jumatatu ijayo nakaa kwenye kiti chako, na mkuu nimeshamwambia anitafutie mtu wa kunisomea.