Jengo Lililopata Sita

Benchi la mlango wa pili wa jengo limepakana na mashine ya kahawa, na hiyo ndiyo siri ya umaarufu wake: Novemba ikiingia mjini Pernik, hakuna mgongo wenye joto kama wa mashine ile. Hapo ndipo Mzee Stamen alipohamishia uzee wake, katikati ya Dobri, aliyeitwa Waziri kwa kuwa kazi yake haikuwahi kuonekana, na Redio, asiyezimika. Asubuhi hiyo cheti cha wapimaji wa joto kilikuwa kimebandikwa mlangoni, kikiwa na herufi moja kubwa: E. Jioni kulikuwa na kikao. Wenye nyumba wote wakikubali, serikali ingelivalisha jengo koti la yale madude meupe mepesi yanayofungiwa televisheni dukani. Aliyebaki kukubali ni mmoja tu, mjane Tsonka wa ghorofa ya nne, naye alikuwa kwenye ncha ya benchi akibangua mbegu za alizeti. Stamen alitumwa amlainishe. Mpaka kikombe cha pili, alikuwa amejilainisha mwenyewe tu.

— Koti la nini? — Waziri alianza. — Hesabuni alfabeti yetu ya Kisirili. A, Be, Ve, Ge, De, E. Ya ngapi hiyo?

— Ya sita.

— Na shuleni sita ilikuwa nini?

— Mie sikuwahi kuiona, — alisema Redio.

— Sita ndiyo alama ya juu kabisa! Jengo limefaulu, jamani. Wa kuonewa huruma ni hao wenye A. Wamepata moja! Hata Redio aliambulia mbili.

— Waziri, hizo ni herufi za Kilatini, — alisema Stamen. — A ndiyo nyumba inayoshika joto. Kila ukishuka herufi, joto linatoroka na bili inapanda. E maana yake unawalipia njiwa wa nje joto lao.

— Njiwa nao wana roho.

— Na siku ukitaka kuuza, mnunuzi anatazama herufi kabla ya jiko.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta si tunao tayari? Ufa wa nini kuziba?

Redio alisogea mbele.

— Mimi nimesikia jingine. Ukishalifunga koti, joto halina pa kutokea. Linajikusanya chini ya paa, linasukuma, linasukuma, mwisho jengo linanyanyuka.

— Linakwenda wapi?

— Upepo ukiwa mzuri, mpaka mji mkuu, Sofia.

— Mungu apishe mbali! Sofia hakuna pa kuegesha.

Tsonka alicheka kidogo, kisha akatazama juu. Wote wakatazama. Kwenye ukuta wa kijivu, ghorofa ya nne, kulikuwa na kiraka kimoja cha mraba, cha rangi ya chungwa, ambacho mtaa mzima ulikiita karoti. Vasko, mumewe, alikibandika mwaka Tsonka alipougua mapafu. Alijining'iniza kutoka paani, akagandisha yale madude meupe nje ya chumba chao peke yake, akayapaka rangi. Mshika kamba alikuwa Stamen. Sasa Vasko hayupo, na kabla ya kuvalisha koti jipya mafundi wangekibandua.

— Tsonka... — alianza Stamen.

— Usianze. Kamba ulishika wewe.

— Nilishika.

— Basi kunywa kahawa.

Mlango ukafunguka, akatoka Yoana, mpangaji mpya, kichanga chake kikichungulia ndani ya koti.

— Mgeni njoo, mwenyeji asogee! — Redio alisema, akambana Stamen.

Hajakaa vizuri, Waziri akampa habari njema ya sita.

— Kama tumepata sita, — Yoana aliuliza, — mbona wote mko nje?

Waziri alifunga kifungo cha juu cha koti lake. Redio akakagua buti zake.

— Mimi nimemleta mtoto apate joto, — Yoana aliendelea, bila ubaya. — Ndani kuta zinatoka jasho.

— Analala chumba kipi? — aliuliza Tsonka.

— Kilichopakana na ile karoti.

Tsonka akaingiza mkono ndani ya koti la Yoana, akakuta kiguu. Kilikuwa baridi kama kijiko.

— Mimi nalala bila soksi, — alisema polepole.

Redio alikwenda kuongeza kahawa, mashine ikamtemea maji ya moto matupu. Imekwisha. Akampa Tsonka kikombe hichohicho. Tsonka akakikumbatia mpaka viganja vikapata moto, kisha akaviweka kwenye vile viguu.

— Nitawaambia mafundi wapake jengo zima karoti, — alisema Stamen.

— Jengo zima? — Waziri aliruka. — Pernik itatucheka!

— Ilishacheka. Mcheka kuliko wote nilikuwa mimi, na kamba mkononi.

— Jioni nitakubali, — alisema Tsonka, macho yake yakiwa juu. — Ila muwaambie vizuri hao mafundi. Vasko alizunguka maduka wiki nzima akiitafuta rangi ile. Si karoti ile. Ni aprikoti.