Mama Vifungo, Mshangiliaji wa Jumamosi

Yalisemwa maneno, na afadhali tuanze nayo. Jirani yetu mmoja alisema Mama Vifungo huja kutazama watoto wakicheza mpira akiwa amelewa. Sisi tuliokaa naye pembeni mwa uwanja kila Jumamosi tuliyasikia, tukayaacha yapite. Wengine tulisogeza viti kidogo. Hakuwa mlevi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda cha baba yake. Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la saba. Mwenyewe alikuwa akisema hesabu zilimpenda, ila yeye hakuzipenda. Alipomaliza, shangazi yake alimkalisha mbele ya cherehani, na hapo hakuinuka tena.

Alishona kwa zaidi ya miaka arobaini katika chumba kinachotazama barabara: sare za shule, mapazia, magauni ya maharusi. Jina la Vifungo alilipata kwa sababu mtoto hakupita mlangoni pake na shati lililopungua kifungo. Alimsimamisha, akakishona shati likiwa mwilini, huku akimwonya asicheke asije akachomwa.

Mwaka 1981 aliolewa na mzee wetu seremala. Mzee alimletea suruali ipunguzwe, akairudisha tena, na tena, mpaka ikawa kaptula, ndipo akasema kilichomleta. Hawakujaliwa mtoto. Mama Vifungo alikuwa rafiki wa mama yangu, nami nikamwita mama mkubwa, na mwanangu akamwita bibi.

Timu ya watoto wadogo ilipoanzishwa, aliwashonea jezi za njano, akawa hakosi mechi. Sauti yake ilivuka uwanja: "Kimbia, mwanangu, mpira haung'ati!"

Mwaka juzi, katika mechi moja, timu zilibadilishana magoli kipindi cha pili kama kawaida. Yeye alidhani goli lililo mbele yetu bado ni la wapinzani. Mpira ulipompita mwanangu, aliyekuwa kipa, Mama Vifungo aliinuka akapiga vigelegele. Watu wote wakamgeukia. Mwanangu alikaa chini golini akalia, na tangu siku ile akawa hamwamkii. Maneno ya ulevi yalianzia hapo.

Ukweli ni kwamba kisukari kilikuwa kimeanza kula macho yake. Jezi alizozishona kwa mikono yake hakuzitofautisha tena na za wengine. Alifuata kelele na upande. Nami sikujua, mpaka siku nilipompelekea gauni nikamkuta akitafuta tundu la sindano kwa ncha ya ulimi. Nilimuuliza kwa nini amewaacha watu waseme vile.

"Fundi mlevi ataletewa nguo tu, mwanangu," aliniambia. "Fundi asiyeona, nani atamletea?"

Aliniomba nimsitiri. Uwanjani hakuja tena. Jumamosi alikuwa akifungua dirisha, akakaa na uzi mapajani asioutia kwenye sindano, akisikiliza kelele za uwanjani. Kilichomtia haya si ulevi aliosingiziwa. Ni mtoto aliyedhani bibi yake amemcheka.

Mwaka huu figo nazo zilishindwa. Alilazwa mwezi Juni, na akafariki Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, mumewe akiwa kando ya kitanda. Ruhusa ya kuyasema haya alinipa mwenyewe. Alisema sasa niseme, cherehani ameshaigawa.

Ameacha mume, dada mmoja, kaka wawili, wapwa, na watoto wa jezi za njano, ambao baadhi yao sasa ni warefu kuliko mimi. Mola amlaze pema, naye atusamehe sisi tuliosogeza viti.

Jumatatu kabla hajatutoka nilimpeleka mwanangu hospitali. Mama Vifungo alimwambia kwamba macho yalimdanganya, kwamba hakumcheka hata kidogo, na kwamba aliona haya kumwambia mapema. Mtoto akamuuliza kama bado yuko upande wetu. Mama Vifungo alinigeukia mimi. Aliupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Jumamosi nipeleke, mwanangu," alisema. "Niweke nyuma ya goli lake. Na wakibadilishana, unihamishe."