Siku Niliyosema Niliogopa

Assalaam aleikum, ndugu zangu, na wenzetu Wakristo, habari za alasiri. Mniwie radhi, nitasoma. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, haya nimeyaandika kwa siku kumi. Lakini nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo kitini.

Mimi ni mshonaji wa kanzu, Kibokoni. Mwaka jana baba yangu alifariki. Mnajua desturi yetu, maiti ikifika makaburini wanawe huingia kaburini kumpokea. Mimi ndiye mwana mkubwa. Watu walinipisha nipite mbele. Nilipofika ukingoni miguu ilikataa. Nikarudi nyuma, nikapenya katikati ya watu mpaka nikawa wa mwisho kabisa. Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyeingia.

Siku ile hakuna aliyenigombeza. Lakini wiki ya pili nilikuwa nikipita barazani, mtu mmoja akasema, "Huyo ndiye aliyemkimbia babake. Labda alikumbuka ameacha pasi motoni." Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, ndugu zangu. Kisha sikupita tena njia ile.

Kidogo kidogo nikaacha kila kitu. Sikwenda msikitini, sikukaa na vijana wenzangu, na nikimwona ami kwa mbali nilibadili njia. Kazini nilishona shingo ya kanzu nikaifumua, nikaishona tena nikaifumua. Fundi wangu akasema nikiendelea vile hadi Ramadhani, atamkalisha mwingine kwenye cherehani yangu. Nyumbani waliniambia nisubiri, nile vizuri, nioe. Walinipenda, lakini kila neno lilizidi kunifunga mdomo.

Shangazi alisikia kuwa kwenye zahanati moja Tudor kuna mama anayewasaidia wenye huzuni. Ushauri nasaha ulikuwa jambo geni kwetu. Shangazi akanipa chupa tupu, akidhani nitatiliwa kombe, yale maji ya dua, nije kuyanywa nyumbani. Nikaenda nayo.

Mama yule ni Mgiriama, mtu wa makamo. Aliacha mlango nusu wazi ili nisione haya kukaa peke yangu na mwanamke, akanikaribisha kiti. Nikakaa na chupa yangu mapajani nikimngoja aanze. Kumbe naye ananingoja mimi. Nikamwambia nimekuja kuchukua dawa. Akasema hana cha kutia mle, na kama nimevunjika moyo anaelewa. Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Nilirudi mara ya pili na ya tatu, na ikawa yale yale. Nikisema neno moja alilipokea kama kitu cha thamani, tukaliangalia pamoja. Nikinyamaza alinyamaza, wala hakutazama saa. Nikamwona hajui kazi yake. Mara ya nne nilikasirika, mimi ambaye sijawahi kumjibu mtu mzima.

"Mama, kila mtu ameniambia la kufanya isipokuwa wewe."

"Na umechoka kuambiwa," akasema.

Nilitaka kubisha, nikaona ni kweli. Kisha nikasema maneno ambayo sikuwahi kuyasema hata peke yangu. "Niliogopa. Nilimpenda baba, na nilimwogopa akiwa ndani ya sanda."

Nikangoja aniambie haidhuru, au ni aibu. Hakusema hayo.

"Yote mawili," alisema taratibu. "Ulimpenda, na ulimwogopa."

Macho yake yalikuwa na machozi na hakuyaficha. Hapo nikalia kilio ambacho sikukilia matangani. Nilipomaliza nilihisi njaa, ndugu zangu, njaa hasa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane.

Hakunituma kwa ami. Nilijituma mwenyewe. Nilimkuta ami jioni, pale ufukweni Mama Ngina, anakula mihogo, nikamweleza yaliyonipata pale makaburini. Akaacha kutafuna.

"Mwanangu, mimi nilidhani umenichukia kwa kuchukua nafasi yako. Kila ukibadili njia nilikuwa nasema, haya, bado ana hasira na mimi."

Tulicheka mpaka muuza mihogo akatuuliza kuna nini. Ramadhani ilipofika nilikuwa kwenye cherehani yangu, nashona kanzu za Idi, na shingo hazikufumuliwa.

Namshukuru mama yule, aliyeniamini kabla sijajiamini. Namshukuru shangazi, na fundi wangu aliyevumilia. Nanyi nawaomba jambo moja. Mtu akikujia na huzuni, usimkimbilie na jibu. Mpe kiti, mpe muda, usikie anachosema mpaka naye ajisikie mwenyewe anachosema.

Ami yangu amekuja leo, yuko pale karibu na mlango. Habari ya kile kilio sikumwambia kule Mama Ngina, niliona haya. Sasa ameisikia, nanyi nyote mmeisikia, na mimi bado nimesimama hapa.