Droni Iliyobaki Uwanjani

Ndani ya bajaji ya kwenda Miburani, nesi Specioza alijifanya anatazama minazi, masikio yakiwa kwa abiria wenzake wawili.

"Droni yangu wameizuia uwanja wa ndege," alilalamika Shamsa, mgeni kutoka Maskati. "Eti sina kibali."

"Kwani huko kwenu zinarushwa ovyo?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Hata kule ni kibali, bibi. Lakini hapa nilihisi nakuja kwetu. Mama hawezi tena kusafiri. Nilitaka alione kaburi la mamake, Bi Amina Shamte, kutoka juu."

Bi Mwanakheri akamshika mkono. "Kutoka juu ungeona majani ya mkorosho tu, mjukuu wangu. Amina alikuwa kungwi wangu, ndiye aliyenifunda. Kaburi lake nalifagia mimi. Mpigie mamako kwa video, tukalitazame pamoja."

Bajaji ikasimama Miburani. Simu ikaanza kuita Maskati. Specioza alikuwa amekwisha kupitiliza kituo chake kwa kusikiliza, wala hakushuka.