Mzee Kizito Osundwa, Mpimaji wa Prosesa za Zamani

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Chekalini na nyote mliokuja kutusindikiza, mimi ni Jescah, binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Baba, kwa hivyo mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu Kizito Osundwa alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 huko Musanda, mtoto wa pili wa hayati Mzee Makokha na hayati Mama Roselida Ayuma, akahamia hapa Chekalini na wazazi wake mwaka 1967, akasoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari mjini Kakamega hadi 1977, kisha akasomea elektroniki Nairobi na kumaliza mwaka 1980. Alitengeneza kompyuta za ofisi huko Nairobi tangu 1983 hadi 1999, aliporudi na kufungua duka lake mjini Kakamega. Tarehe 14 Aprili 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Milcah Kageha, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Mildred na Benedict, na wajukuu hao mnaowasikia wakipiga kelele nyuma ya hema.

Wachache wenu mlijua kwamba kuna watu wanaokusanya prosesa za zamani, yaani ule ubongo wa kompyuta, hasa zile za kauri nyeupe zenye miguu ya rangi ya dhahabu, na kwamba bandia ni nyingi, maana mtu huchukua ya kawaida, akasugua maandishi yake, akaandika jina la ile inayotafutwa. Wanunuzi walimletea Baba kila prosesa kwanza, naye aliipangusa kwa pamba yenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, aone kama maandishi yanatoka, akaiinamisha dirishani akitafuta mikwaruzo ya msasa, na akishatoa neno lake hakuna aliyembadilisha, hata Mama, ambaye mambo mengine yote alimshinda.

Mwezi wa Machi 2021 mnunuzi alileta moja iliyopita kila kipimo, na Baba alikuwa karibu kuikubali, ndipo akasoma kwa sauti jina la nchi ilikotengenezwa, MARAYSIA, kwa R badala ya L. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akairudia kuisoma herufi kwa herufi, nami niliyekuwapo dukani sikusikia kosa lolote, kwa sababu ndivyo ninavyolitamka jina hilo. Baba alijua kosa kama hilo halitoki kiwandani, ni la mtu wa huku kwetu tunakosema karamu tukimaanisha kalamu, tena mwenye mashine ya kuchonga, na mtu kama huyo alimjua mmoja tu, mdogo wake wa mwisho, Baba mdogo Protus, anayechonga mihuri na vikombe vya mashindano.

Baba alimwambia mnunuzi ukweli, kwamba ni bandia, ila hakutaja mkono ulioichonga. Prosesa iliporudishwa kwake, akiambiwa ni Baba aliyeikataa kwa sababu ya herufi ile, Baba mdogo alitambua kwamba kaka yake amemjua, akaona haya, akaacha kukanyaga hapa nyumbani hata Krismasi, na simu za Baba hakuzishika. Sisi watoto tulimsema kwamba ana maringo, na Baba alitukemea bila kutupa sababu.

Figo zilianza kumsumbua Baba Februari 2024, akalazwa Kakamega tarehe 28 Oktoba 2025, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliuliza kama ni Protus, hadi alipotuaga alfajiri ya tarehe 11 Novemba. Baba mdogo alifika jana jioni, akatueleza yote, akaomba yasomwe mbele yenu jinsi yalivyo, nami nikakataa, yeye akasisitiza, na Mama akakubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia Baba, majirani mliotuletea kuni, mahindi na viti, na mafundi wenzake wa mjini waliofunga maduka yao leo kwa ajili yake.

Na wewe Baba mdogo, uliyesimama kule karibu na ua, kaka yako hakuwa na hasira, alikuwa anakungoja tu, na inaniuma sana kwamba hukujua, tafadhali njoo uketi hapa mbele pamoja nasi.

Baba, Protus amefika. Pumzika sasa kwa amani.