Kifuniko Hakikukatika Chenyewe

Mheshimiwa Meneja wa Ofisi ya Maji, waheshimiwa wakuu wa vitengo, ndugu mafundi bomba na wasoma mita, dada wa mapokezi, mzee wetu wa getini, wageni waalikwa, na wewe mama yangu uliyekaa mbele ukinionyesha kwa mkono nipaze sauti: habari za mchana.

Kabla sijasema neno jema hata moja juu ya baba yangu, ambaye leo anawaaga baada ya kusoma mita za watu kwa miaka thelathini na moja, nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mama hajui. Rafiki yangu wa dawati moja hajui. Baba ndiye asiyejua kabisa, na ndiyo maana nimemwomba mshereheshaji amtume kwenye gari akalete sanduku la zana zake, kwa kuwa mbele yake hata kuanza nisingeweza.

Nyote mnamjua baba kwa tarakimu, kwamba hajawahi kukosea hata moja. Lakini nani humu ndani hana kitu kilichotoka kwenye kibanda chetu cha nyuma? Dada wa mapokezi, kile kisanduku cha mihuri chenye droo mbili. Mzee wa getini, kigoda unachokalia ukituuliza tunakwenda wapi. Mtu akitaka kulipa, baba husema, "Nikiuza itakuwa kazi, na kazi ninayo." Nyumbani akiulizwa yuko wapi, mama hujibu, "Anaranda," na jirani yetu mgeni alimhurumia mama miezi miwili mizima akidhani ameolewa na mzururaji, mpaka siku alipopita nyuma akamkuta mzururaji mwenyewe ameshika randa, maranda hadi magotini.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi moja, miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alikuwa anatengeneza kasha la Mheshimiwa Meneja la kuwekea kalamu. Pande zote alikuwa amekwisha kuzikata. Ubao wa kifuniko ulikuwa umebanwa mezani, umechorwa mstari wa penseli, na upande wa kutupwa ameuwekea alama ya kosa kama mwalimu anavyosahihisha. Mara jirani akaja mbio, bomba limepasuka jikoni. Baba akatoka na spana. Nikabaki mimi na msumeno.

Alikuwa amenifundisha mara nyingi: "Msumeno nao unakula, mwanangu. Usiupande mstari. Pita upande wa kutupwa, uache mstari uje kumalizwa na randa." Mimi nikapita upande wa pili, ule wa kubakizwa. Nilipogundua, kipande kilikwisha kudondoka. Nikakitia mfukoni, nikaingia ndani kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyenituma kuviosha.

Baba alirudi ameloa, akadhani kifuniko alikikata mwenyewe kabla hajaitwa. Akakiweka kifuniko juu ya kasha, mwanga ukapita pembeni. Akapima, akapima tena. Kisha akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, akasema, "Milimita tatu. Macho yamenichoka." Na mimi niliyesimama mlangoni nikamwambia, "Labda kilikatika vibaya tu, baba."

Kilikatika. Oneni neno hilo lilivyo na huruma. Kikombe kimevunjika, nguo imechafuka, kifuniko kimekatika, na chumba kizima hakuna mtu. Hotuba hii niliianza kwa lugha tunayofundishiwa shuleni, nikidhani huko aibu itakuwa nyepesi kidogo, na kweli ikawa nyepesi, ikawa kama insha ya mtihani. Nikaichana. Baba huongea nami kwa lugha hii, na ni kwa lugha hii nilimdanganya. Basi nasema: kifuniko hakikukatika. Nilikikata mimi.

Mheshimiwa Meneja, samahani. Ule ufito mweusi ukingoni mwa kasha lako, unaowaonyesha wageni ukisema, "Tazameni nakshi hii," si nakshi. Ni kiraka alichozibia pengo la milimita tatu. Naona mhasibu anacheka, lakini na wewe ulimwomba baba akutengenezee lenye ufito kama huo, akakataa, ukamnunia wiki nzima. Sasa unajua kwa nini.

Tangu siku ile baba hajatengeneza kitu chenye kifuniko. Ni vigoda, rafu, na vibao vya kukatia mboga. Alinunua miwani. Na mwezi uliopita akatangaza, tukiwa mezani, kwamba siku ya kuagwa atawagawia mafundi vijana zana zake zote, "zikakae kwa wenye macho." Mama akamwuliza, "Na wewe utakaa wapi?" Nani kati yenu amewahi kumwona mtu huyu akiwa hana la kufanya kwa mikono yake? Mimi nimemwona, mafua yalipomlaza wiki moja. Alipanga vijiko kwa urefu.

Nimeiandika karatasi hii siku nne, na kila niliposikia nyayo zake kwenye korido niliisukuma chini ya daftari la jiografia. Nyayo zake nazijua, kiatu cha kulia hukwaruza sakafu. Nazisikia sasa, na ninyi mnazisikia. Bwana mshereheshaji, mfungulie mlango, amebeba mzigo. Karatasi siifichi.

Shikamoo, baba. Sanduku usilifikishe mezani, litue hapo hapo. Kifuniko cha kasha la Meneja nilikikata mimi, siku ya bomba la jirani. Hiki hapa kipande, kimekaa kwenye mkebe wangu wa hisabati miaka miwili. Mstari wako bado uko juu yake, na alama yako ya kosa pia. Kutoka kwenye mstari hadi nilipokata, ukijumlisha ulichokula msumeno, ndizo zile milimita tatu. Hukukosea. Dada wa mapokezi, mpelekee tafadhali. Baba, kisome mwenyewe.

Kwa wale wa nyuma ambao hamkusikia, ameuliza, "Kwa hiyo hii miwani nimeivaa bure?" Na mama amemjibu kwamba si bure, inamfanya afanane na mkurugenzi.

Ameivua. Amekiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Anasema, "Tatu. Tatu kamili." Anasema pia kwamba upande haukuwa wenyewe, lakini mkato umenyooka.

Ndugu zangu mafundi vijana, najua mmeshagawana moyoni, huyu randa, yule patasi. Niwieni radhi. Mnamwona mzee amelikalia sanduku, na kwa ninavyomjua hatainuka mpaka viti vianze kukusanywa. Mwenye haja na zana aje kibandani Jumamosi. Atanikuta nafagia maranda, maana hiyo ndiyo adhabu niliyojipangia, ya baba bado sijaisikia. Na wewe Mheshimiwa Meneja, akikuomba kasha akalitengeneze upya, mnyime. Kiraka kile tumekizoea.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru kwa miaka yote mliyomtunza, na kwa kuninyamazia hadi nikafika mwisho. Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Na wewe baba, asante kwa kukaa.